Buti la Msituni Katika Nchi ya Katambuga

Kwenye magulio ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, viatu vya mtumba vina itifaki yake. Mbele hupangwa raba za vijana, zimeoshwa kwa sabuni ya unga na kujazwa makaratasi ili zisimame. Vinafuata viatu vya ofisini, vimepakwa kiwi mpaka mikunjo imejificha. Mabuti hubaki mwisho kabisa, yamefungwa kamba jozi kwa jozi na kutundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Gusa moja tu, muuzaji atakupandisha cheo papo hapo: "Afande, hilo ni jiwe. Utamwachia mjukuu." Waliosimama karibu watacheka, nawe utacheka, kisha utaligeuza uangalie soli.

Hapo kwenye soli ndipo habari ilipo. Buti la msituni la Kimarekani, lile ambalo wakusanyaji wa huko kwao na wa Japani hulitafuta kwa udi na uvumba, halina urembo wowote. Pua na kisigino ni ngozi nyeusi. Shingo yake, kuanzia juu ya unyayo hadi kwenye muundi, ni turubai na nailoni ya kijani kilichokoza, kwa sababu ngozi ikilowa hukawia kukauka na mwishowe huoza. Upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya soli, kuna vitundu viwili vilivyozungushiwa pete za chuma. Wengi hudhani ni vya hewa. Kazi yake ya kwanza ni maji: askari akivuka mto buti hujaa, na kila akikanyaga ng'ambo ya pili maji husukumwa nje, mpaka baada ya mwendo mfupi anabaki na soksi mbichi badala ya ndoo mbili miguuni.

Soli yenyewe haikushonwa. Raba ilipikwa ndani ya kalibu ikashikana na ngozi moja kwa moja, ndiyo maana mabuti ya mwaka 1967 bado yanatembea wakati viatu vya juzi vimekwisha kuachama. Mabuti ya mwanzo yalikuwa na meno madogo yaliyosongamana. Tope likajaa humo, soli ikawa laini, askari akateleza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikashika kasi soli ya Panama, iliyotokana na majaribio ya miaka ya 1940, yenye meno makubwa yaliyoachana, ambayo hutema tope kila mguu unapoinuka. Mtu yeyote aliyetembea kwenye udongo mwekundu wa Ngara wakati wa masika ataelewa faida ya meno hayo bila kufundishwa. Na chini ya upinde wa unyayo utasoma maneno mawili ya Kiingereza yaliyochomoza kwenye raba: SPIKE PROTECTIVE. Maana yake ndani mna bamba jembamba la chuma.

Bamba hilo liliwekwa kwa sababu ya mianzi. Wapiganaji wa Vietnam walichonga vijiti vya mianzi, wakavisimika kwenye mashimo yaliyofunikwa kwa majani, na Mmarekani aliyekanyaga humo alitobolewa mguu. Viwanda vya Marekani vikajibu kwa chuma. Sasa tazama miguu ya yule aliyechonga mianzi. Amevaa ndala zilizokatwa kwenye tairi la gari, na mikanda yake imekatwa kwenye tyubu. Mtu wa Rulenge, kule Ngara, akionyeshwa picha hiyo hahitaji maelezo: ni katambuga. Vita ile iliisha Aprili 1975, na jeshi lililozoea katambuga ndilo lililoingia Saigon.

Nimeanzia mbali hivyo kwa makusudi. Mpenzi wa mabuti ya zamani ana ugonjwa mmoja, wa kuamini kwamba kiatu ndicho kilichopigana. Analinunua buti, analisafisha, analivaa Jumapili, na polepole anajiona amerithi ujasiri wa aliyelivaa. Wilaya hizi mbili zinamkatalia. Katika muda wa miaka isiyofika 80 majeshi yamepita hapa, yametokea hapa au yamevunjikia hapa mara kadhaa, na kila mara mguu uliokuwa na kiatu kibovu, au usio na kiatu kabisa, ndio uliobeba sehemu kubwa ya kazi.

Tuanze na 1916. Wabelgiji walivuka kutoka Kongo, na kikosi chao cha kaskazini chini ya Kanali Philippe Molitor kikaingia Kigali tarehe 6 Mei. Kikavuka Mto Kagera, na tarehe 24 Juni kikaikamata Biharamulo. Wajerumani walikuwa na boma lao pale, na askari wao Waafrika walivalishwa mabuti na vitambaa virefu vya kuzungushia miguu kuanzia kwenye fundo hadi chini ya goti. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliokuja kuwafukuza, wengi wao walikuwa pekupeku. Anayezitazama picha za kampeni ile huona bunduki, huona tarabushi, huona mikanda ya risasi, na macho yakishuka chini huona vidole vya miguu. Nyuma ya askari walifuata wapagazi, mzigo kichwani, pekupeku vilevile. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Tabora ikaanguka.

Si kwamba miguu mitupu haikuumia. Funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika na kuingia nchi za Maziwa Makuu katika miaka ya 1890, aliwalemaza watu wengi njiani. Hujichimbia chini ya kucha, hutaga, na asipotolewa mapema kwa sindano au mwiba kidole huoza. Lakini wakubwa wa kijeshi wa Kizungu walikuwa na imani iliyowafaa mfukoni, kwamba mguu wa Mwafrika ni mgumu na hauhitaji kiatu. Waingereza waliichukua imani hiyo pamoja na nchi. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, aliendelea kucheza gwaride pekupeku au na makubazi kwa miaka mingi baada ya hapo, huku ofisa wake akimkagua akiwa amevaa ngozi iliyong'arishwa.

Kilichowabadilisha ni Asia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma, na ndani yake zilikuwamo Batalioni ya 26 na ya 36 za keya, zote za Tanganyika. Waliteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni, mahali penye malaria na tope la kumeza magari, wakiwafuata Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma. Desemba mwaka ule Mto Chindwin ulivukwa pale Kalewa kwa daraja la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Katika vita hivyohivyo Waingereza walianza kutoa buti lao la msituni, turubai ya kijani na raba, jepesi na la kukauka upesi. Ni la ukoo mmoja na mabuti ya aina hii yanayotafutwa leo na watu wanaoyaweka kwenye kabati za vioo.

Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walipita jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Waliporudi, vitu viwili vilivyoonekana zaidi vijijini vilikuwa koti zito la jeshi na mabuti. Koti lilivaliwa asubuhi za baridi, na nyanda za Bugufi na Bushubi, huku Ngara, zina baridi ya kweli. Mabuti yalivaliwa kanisani, barazani kwa mtemi na kwenye harusi, yaani yalivaliwa kila mahali isipokuwa shambani. Hapo ndipo buti la jeshi lilipopata heshima yake katika nchi hii: lilimtambulisha mtu aliyefika mbali akarudi. Heshima hiyo haikutokana na ubora wa kushonwa kwake.

Kisha ikaja 1978, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu vita hii bado ina watu walio hai.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mwishoni mwa Oktoba, yakaikalia ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Ngara na Biharamulo hazikukaliwa. Lakini ukitaka kufika Bukoba kwa nchi kavu kutoka Tabora au Mwanza wakati ule, ulipita Biharamulo, na ndiyo maana wilaya hii ilikuwa mgongoni mwa vita hata kama haikuwa mdomoni. Jeshi la Wananchi, lililokuwa dogo, lilitanuliwa haraka kwa kuchukua mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, askari wa Magereza na wa Polisi, hadi likapita watu 100,000. Ndani ya miezi michache wahitaji wa viatu wakaongezeka kupita uwezo wa kiwanda chochote nchini kuwashonea.

Na vita ile ilitembewa. Malori yalibeba risasi, chakula na mizinga; watu walikwenda kwa miguu. Kutoka Mutukula hadi Kampala kupitia Masaka ni zaidi ya kilomita 200, na askari hakufuata barabara tu, alizunguka, alirudi, alilala kwenye migomba, aliamka akazunguka tena. Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka Februari, na mwezi Machi yakaja mapigano ya Lukaya, mahali ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi na pembeni hakuna pa kukanyaga pakavu. Masika yalikuwa yameanza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, lakini safari haikuishia hapo. Waliendelea hadi mpaka wa Sudan, walikofika mwanzoni mwa Juni.

Keti na mtu aliyeitembea njia ile na umwulize habari za vita. Mara nyingi hataanza na mizinga. Ataanza na soksi. Buti jipya la ngozi lisilofundishwa mguu ni adui wa kwanza wa askari: kisigino kinatoka lengelenge siku ya kwanza, linapasuka siku ya pili, na siku ya tatu ukilivua buti jioni huwezi kulivaa asubuhi kwa sababu mguu umevimba. Dawa waliijua. Unalilowesha kwa makusudi, unalivaa likiwa bichi, unatembea nalo mpaka likaukie mguuni, nalo hulishika umbo la mguu wako na si la mwingine. Kwa hiyo buti la mtu aliyekufa halikukufaa hata kama namba ilikuwa yako. Jambo hilo dogo ndilo linalonizuia kuwaelewa watu wanaonunua mabuti yaliyovaliwa vitani kwa sababu tu yalivaliwa vitani. Umbo lililomo ndani ni la mguu wa mtu.

Wengi wa askari wa Tanzania waliokufa kwenye vita ile wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa huuhuu wa Kagera. Ukitoka Biharamulo kwenda Bukoba ni njiani kwako, na hakuna haja ya kusubiri Siku ya Mashujaa ndipo upite.

Waliorudi walikuta nchi imefilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilipangiwa foleni, na kiatu kipya kilikuwa jambo la kuombewa. Mtumba ulikuwa bado haujaruhusiwa kuingia kwa uhuru kama ulivyokuja kuwa baadaye katika muongo ule. Katika hali hiyo buti la vita halikuwekwa kabatini. Lilikwenda shamba, lilikwenda kuchunga, lilibadilishwa kamba kwa katani, lilipigwa kiraka cha tairi, na siku soli ilipokataa kabisa fundi aliikata shingo yake ya ngozi akatengenezea mkanda wa jembe au ala ya panga. Ndiyo sababu leo, ukiuliza nani ana buti la mwaka 1979, watu wanakutazama kwa huruma. Liliisha kwa kazi.

Kama habari ingekomea hapo, buti la jeshi lingebaki kitu cha heshima tu. Ikaja 1994.

Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wakikimbia vita na mauaji ya Rwanda. Wenyeji wa wilaya walijikuta wachache nyumbani kwao. Pale darajani mapanga na silaha zilirundikwa chungu chungu, na picha za marundo hayo zikazunguka dunia. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji kwa siku chache. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wazee, watoto na wajawazito, na walikuwamo pia wanajeshi walioshindwa na wanamgambo wenye damu mikononi. Wengine walivua sare. Sare ni rahisi kuivua; kiatu ni vigumu zaidi, maana anayekivua anabaki pekupeku.

Ng'ambo ya mto walikuwa wamefika wapiganaji wa RPF, waasi wa Rwanda, na wengi wao hawakuwa na mabuti ya ngozi wala ya turubai. Walivaa gambuti, zile nyeusi za mpira, za mkulima na muuza samaki. Miaka mitatu baadaye vijana wa mwasi Laurent Kabila, wakiwamo askari watoto walioitwa makadogo, walitembea Kongo nzima hadi Kinshasa, walikoingia tarehe 17 Mei 1997, wakiwa na gambuti hizohizo. Kama mkusanyaji angetaka kweli buti la msituni la Maziwa Makuu, asingelitafuta kwenye maduka ya mtandaoni ya Marekani. Angelikuta kwenye duka lolote la pembejeo pale Ngara Mjini, jipya, likinuka mpira, na hakuna ambaye angemwita afande.

Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa Desemba 1996. Silaha zilizobaki vichakani hazikurudishwa. Kwa miaka mingi iliyofuata, misitu ya Biharamulo na Ngara ikawa mahali pa kushika roho mkononi: mabasi na malori yalikusanyika yakasubiriana, polisi wenye silaha wakapanda, msafara ukaondoka kwa pamoja. Waliotekwa walisimulia mambo mawili karibu kila mara, bunduki za kivita na mavazi ya kijeshi. Abiria aliyelazwa kifudifudi barabarani hakuona uso wa mtu. Alichokiona vizuri ni viatu. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikisaka majambazi na wahamiaji haramu, na katika msako wa namna ile mtu husomwa kwa muonekano wake kabla hajafungua mdomo. Siku hizi hali imetulia sana. Lakini mwanamke wa makamo wa Nyakahura au Lusahunga, kule Biharamulo, akimwona mtu asiyemjua ametoka porini na mabuti ya jeshi, sidhani kama wazo lake la kwanza litakuwa mitindo.

Vijana wanaolipenda buti hili leo hawakuyaona hayo, na siwalaumu. Wameliona kwenye video za muziki, wameliona kwa waendesha bodaboda wa mjini, wameona kwamba linakwenda na jinzi. Nao wana haki ya kupendeza. Ila kuna mstari wa sheria ambao wengi wanaucheza bila kujua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 178, inamkataza asiye askari kuvaa sare za majeshi au mavazi yanayofanana nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, nayo inalinda sare hizo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na waliokuwa wakiyauza madukani na kwenye mitumba walitajwa waziwazi. Tangazo lile lilisikika hadi kwenye vibanda vya magulioni. Kombati na makoti ya mabaka yalitoweka kwa siku chache. Buti peke yake, bila suruali ya mabaka na bila kofia, ni jambo linaloweza kubishaniwa, lakini mabishano yenyewe utayafanyia kituoni. Mahali kama hapa, penye mipaka miwili, wa Rwanda na wa Burundi, ambapo mgeni huulizwa kitambulisho mara kwa mara, mimi nisingelivaa buti la kijani la msituni kwenda Kabanga au Rusumo hata kama ni halali kwa asilimia mia. Kama unalo na una wasiwasi nalo, liulizie polisi kabla hujalivaa.

Zaidi ya hapo, wapo wanaolihitaji buti hili kwa kazi yao. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilipotangazwa mwaka 2019, kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuwa eneo la kilomita za mraba 4,707, askari wa uhifadhi wamekuwa wakizunguka humo kwa miguu, mchana na usiku. Mguu wao unahitaji buti la msituni kwa sababu zilezile za Burma: maji, tope, miiba na nyoka. Nchi hii nayo inashona. Kiwanda cha ngozi cha Karanga kule Moshi, cha Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kinatengeneza mabuti ya askari, na hilo ni bora kuliko kuagiza kila jozi kutoka nje.

Kwa mkusanyaji halisi, yule anayetaka kuhifadhi na si kujionyesha, nina maneno machache ya ufundi. La kwanza: usidanganywe na umri. Mabuti mengi ya kijani yenye vitundu pembeni ni nakala za juzi. Angalia ndani ya ulimi au ya shingo. Buti la Kimarekani la serikali huwa na namba ya mkataba. Ikianza na herufi DSA ni la kabla ya 1977, ikianza na DLA ni la baadaye, na tarakimu mbili za katikati hutaja mwaka wa bajeti. Kwenye soli mara nyingi kuna mwezi na mwaka. Pasipo na alama yoyote, lipa bei ya kiatu, usilipe bei ya historia.

La pili: iogope soli inayoonekana mpya. Mabuti mengi ya miaka ya karibuni yana soli ya ndani ya povu la poliyuretheni, ambalo hunywa unyevu wa hewa na kuoza lenyewe hata likiwa ndani ya boksi. Unalinunua zuri, unavaa, unafika mtaa wa pili soli inamomonyoka vipande vipande. Ibonyeze kwa kidole gumba kabla hujatoa hela. Ikibonyea isirudi, au ikitoa unga, mrudishie mwenyewe. Raba ya zamani iliyopikwa haina tabia hiyo. Itakuwa ngumu, itapata nyufa ndogo, lakini haitakuaibisha barabarani.

La tatu ni matunzo. Turubai ioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, ikaushwe kivulini. Jua la mchana huipausha rangi na kuikausha raba. Ngozi ipakwe mafuta kabla ya kiwi, kwa sababu kiwi hung'arisha tu, hailishi. Ndani jaza magazeti, uyabadilishe yakishika unyevu. Usiliweke sakafuni. Mchwa wa Biharamulo hawajui tofauti kati ya mhimili wa nyumba na kumbukumbu ya taifa.

Jambo langu kubwa, hata hivyo, si kabati la mtu binafsi. Pale Biharamulo lipo boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene zilizowaona Wajerumani wakiondoka, Wabelgiji wakiingia, Waingereza wakikaa na bendera ya Tanganyika ikipanda. Ngara nayo ina daraja la Rusumo na vilima vya Benaco. Lakini kijana wa sekondari hapa akitaka kuona kitu kimoja kilichoshikwa na askari wa 1916, wa Burma au wa 1979, hana pa kwenda. Vitu vyenyewe vinaisha kimoja kimoja: nishani zinayeyushwa kwa sonara, koti linaliwa na nondo, picha zinatupwa siku ya kuhamia nyumba mpya.

Kwa hiyo naziomba halmashauri hizi mbili, pamoja na Makumbusho ya Taifa, zitenge chumba kimoja tu, ndani ya boma au jirani nalo, na kuandika utaratibu halali wa kupokea vitu vya askari wa zamani. Na wewe msomaji ambaye darini kwenu kuna buti moja lisilo na mwenzake, au nishani ya keya, au kitabu cha malipo cha mgambo wa 1978: usikiuze kwa bei ya chuma chakavu. Mwulize mzee jina la aliyekivaa, kikosi chake na mwaka aliorudi, uyaandike kwenye karatasi na kuifunga pamoja nacho. Kama ni sare au silaha, ipeleke kituo cha polisi. Hayo mengine yatunze mpaka chumba hicho kifunguliwe.